Gari Jipya la Dizeli: Oili Ibadilishwe Lini?

Parokia inapopata gari jipya la dizeli, furaha huwa kubwa. Gari hupokelewa kwa nyimbo, hubarikiwa, na siku chache baadaye linaanza kazi: kupeleka chanjo vigangoni, kubeba saruji ya darasa, kuchukua mahindi ya chama cha akina mama, na usiku kumkimbiza mgonjwa hospitalini. Baada ya miezi miwili au mitatu dereva analeta ombi la fedha za oili. Hapo ndipo maswali huanza.

Mhasibu husema, "Gari ni jipya, oili ya nini tena?" Fundi wa mjini husema oili ya kwanza imwagwe kwenye kilomita 1,000. Kitabu cha gari kinaweza kusema kilomita 10,000. Naye mfadhili aliyeko Ulaya, akisoma taarifa ya robo mwaka na kuona oili imenunuliwa kila baada ya wiki kumi, hujiuliza kama kuna mtu anayeiuza, kwa sababu gari lake mwenyewe hufanyiwa sevisi mara moja kwa mwaka, au hata mara moja kwa miaka miwili.

Wote hawa wana sababu zao. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupata jibu lililo sahihi kwa gari lenu, ili kamati isipoteze injini kwa kubana matumizi, wala kupoteza fedha kwa kumwaga oili ambayo bado ni nzima, wala kupoteza imani ya mfadhili kwa kukosa maelezo.

Oili inafanya kazi gani?

Watu wengi husema oili ni ya kulainisha, na hilo ni kweli. Ndani ya injini vyuma husuguana mara maelfu kila dakika. Oili hukaa katikati kama utando mwembamba, ili chuma kisiguse chuma. Lakini oili ina kazi nyingine nne. Hupoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, kama vile pistoni na beringi. Husafisha, kwa kubeba masizi na vumbi la chuma hadi kwenye filta. Huziba nafasi ndogo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Tena huzuia kutu na asidi.

Ili kufanya kazi hizi zote, oili huchanganywa kiwandani na madawa maalumu. Kuna dawa ya kusafisha, dawa ya kuua asidi, dawa ya kuzuia masizi yasigandamane na dawa ya kupunguza msuguano. Oili yenyewe haiishi haraka. Kinachoisha ni madawa hayo. Siku yanapokwisha, oili bado inaonekana imejaa kwenye kijiti cha kupimia, lakini haina tena nguvu ya kulinda. Ndiyo maana kuongeza oili si sawa na kubadilisha oili.

Kwa nini dizeli huchosha oili?

Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa kwa nguvu nyingi, bila plagi za cheche. Uchomaji wa namna hii hutoa masizi mengi kuliko petroli, na sehemu ya masizi hayo hupita pembeni mwa ringi na kuingia kwenye oili. Pia dizeli kidogo ambayo haikuungua hushuka na kuichuja oili iwe nyepesi.

Jambo jingine ni salfa. Dizeli yenye salfa nyingi ikiungua hutoa gesi ambayo, ikikutana na unyevu, huwa asidi. Asidi hiyo hula beringi na kumaliza dawa ya oili mapema. Zamani dizeli ya Afrika Mashariki ilikuwa na salfa nyingi sana, na desturi ya kumwaga oili mapema ilijengeka katika mazingira hayo. Tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, Ulaya kiwango cha lazima ni sehemu 10 kwa milioni tangu mwaka 2009. Aidha, dizeli inayouzwa kwenye madumu kando ya barabara haina anayeihakikisha. Tatizo la uchakachuaji lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2010 Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwatambua wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa.

Oili ya kwanza

Injini mpya ina vyuma ambavyo havijazoeana. Katika kilomita za mwanzo ringi na kuta za silinda husuguana hadi zikae sawa, na chembe ndogo za chuma huingia kwenye oili. Hapa ndipo ulipotoka ushauri wa mafundi wa kumwaga oili kwenye kilomita 1,000.

Siku hizi viwanda huchonga vyuma kwa usahihi mkubwa kuliko zamani, na watengenezaji wengi hawadai tena oili ya kwanza imwagwe mapema hivyo. Baadhi yao bado hutaka gari lirudi kwa wakala kwenye kilomita 1,000 kwa ukaguzi: kukaza nati, kuangalia mikanda, kutafuta mivujo. Kukaguliwa si lazima kuwe kumwaga oili. Kwa hiyo kanuni ni hii: fungueni kitabu cha gari na kitabu cha dhamana kabla gari halijatoka kwa wakala, na kuandika kwenye daftari kile kinachodaiwa. Kama kitabu kinataka oili ya mapema, ifanyike bila kuchelewa, kwani kuiruka kunaweza kuharibu dhamana. Kama kitabu hakisemi, kumwaga mapema mara moja hakuidhuru injini mradi oili iliyowekwa ni ya aina inayotakiwa. Ni gharama ya mara moja tu.

Jambo lenye uzito zaidi katika kipindi hiki ni uendeshaji. Vitabu vya Toyota, kwa mfano, hushauri gari jipya lisivute trela katika kilomita 800 za kwanza, na hadi kilomita 1,000 dereva asikimbize sana, asikanyage mafuta kwa ghafla, asitembee muda mrefu kwa gia ndogo wala kwa mwendo mmoja usiobadilika. Basi safari ya kwanza ya gari jipya isiwe ya kubeba tani ya saruji kupanda mlima. Saruji ingoje wiki mbili au tatu.

Baada ya hapo: kilomita, miezi na saa

Vitabu vingi huwa na safu mbili za ratiba: moja ya matumizi ya kawaida, nyingine ya mazingira magumu. Wengi husoma ya kwanza na kufunga kitabu. Kwa pikapu nyingi za dizeli zinazouzwa kwetu, safu ya kwanza hutaja kilomita 10,000 na ya pili kilomita 5,000. Mazingira magumu yanayotajwa ni haya:

- barabara za vumbi, matope au changarawe;
- kubeba mizigo mizito au kuvuta trela;
- safari fupi za mara kwa mara, ambazo injini haipati joto la kutosha;
- injini kuunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama;
- joto kali;
- mafuta ambayo ubora wake hauna uhakika.

Kila kamati ihesabu ni mangapi kati ya hayo yanahusu gari lake. Gari la parokia ya kijijini mara nyingi lina manne au matano. Kwa hiyo safu ya pili ndiyo yetu, na kilomita 5,000 kwa gari kama Land Cruiser pikapu ya injini ya silinda 6, ambayo wengi huiita "mkonga", si ubadhirifu.

Kipimo cha pili ni muda. Oili hunyonya unyevu na kuchakaa hata gari likikaa bandani. Kama kitabu kinasema kilomita 5,000 au miezi 6, maana yake ni kile kitakachotangulia. Gari lililotembea kilomita 2,000 tu kwa miezi 6 nalo linahitaji oili.

Kipimo cha tatu ni saa. Gari likisimama zahanati injini ikiwaka ili kuendesha friji ya chanjo au taa, mita ya kilomita haisogei, lakini oili inafanya kazi. Baadhi ya watengenezaji huhesabu saa 1 ya namna hiyo kuwa sawa na kilomita 40 hivi. Gari linalounguruma saa 2 kila siku likiwa limesimama, kwa siku 25 za kazi, limeongeza "kilomita" 2,000 kwa mwezi zisizoonekana popote. Ni vyema dereva aziandike. Jenereta ya dizeli nayo hupimwa kwa saa. Nyingi hupewa saa 250, maana yake jenereta inayowaka saa 8 kila siku itahitaji oili karibu kila mwezi.

Kwa nini Ulaya ni tofauti?

Hili tunalieleza kwa ajili ya wafadhili wetu. Ni kweli kwamba baadhi ya magari madogo ya Ulaya hufikia kilomita 30,000 au miaka miwili, na malori makubwa ya safari ndefu yanaweza kufika kilomita 100,000 kati ya oili na oili. Lakini lori lile hubeba oili nyingi mno, zaidi ya lita 30, hutembea siku nzima kwenye lami kwa mwendo mmoja, hutumia dizeli yenye salfa kidogo sana na oili ya bei ya juu, na lina kompyuta inayopima hali ya oili. Pikapu ya parokia ina lita 10 au pungufu, hupanda milima kwa gia ya pili, na wakati wa kiangazi hupumua vumbi. Namba za kilomita zinatofautiana kwa sababu kazi zinatofautiana.

Rangi isikudanganye

Kuna mazoea ya kuchomoa kijiti, kuona oili nyeusi na kusema imekufa. Katika dizeli oili huwa nyeusi baada ya siku chache tu, na hiyo ni dalili kwamba inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Rangi peke yake haisemi wakati umefika. Dalili za kutisha ni hizi:

- Oili ya rangi ya chai ya maziwa, au yenye povu zito: maji yameingia. Gari lisimame, fundi aitwe.
- Oili inayoongezeka bila mtu kuiongeza: dizeli au maji yanaingia kwenye injini. Watu wengine hufurahi kwamba gari "halili oili". Wasifurahi.
- Oili inayopungua haraka: kuna mvujo au ringi zimechoka.
- Taa nyekundu ya oili kuwaka njiani: zima injini mara moja. Kilomita chache za kujaribu bahati zinatosha injini kunoki.

Oili ipimwe asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, au dakika chache baada ya kuzima. Iwe kati ya alama mbili. Kuzidisha nako ni kosa, kwa sababu oili iliyozidi hupigwa na kuwa povu, na povu halilindi chuma.

Tusisahau filta ya hewa. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuweza kusaga chuma. Filta iliyotoboka au mpira wa bomba uliolegea huua injini haraka kuliko oili iliyochelewa. Kubadilisha oili huku filta ya hewa imechanika ni sawa na kufua nguo na kuianika chini.

Oili gani?

Kwenye dumu la oili kuna maandishi mawili ya kusoma. La kwanza ni uzito, kama 15W-40. Namba yenye herufi W huonyesha jinsi inavyotiririka kwenye baridi, na namba ya pili jinsi inavyobaki nzito injini ikipata moto. La pili ni daraja la API. Herufi S ni ya injini za petroli, na herufi C ni ya dizeli. Daraja la CI-4 lilianza mwaka 2002, na CK-4 mwaka 2016. Chagueni daraja linalotajwa na kitabu cha gari.

Magari mapya yenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi yanahitaji oili maalumu yenye majivu kidogo. Oili ya kawaida huziba kichujio hicho, na bei ya kichujio kipya ni kubwa. Kwa hiyo kamati iulize kwa wakala swali hili siku ya kupokea gari: je, gari letu lina kichujio hicho?

Oili bandia zipo sokoni. Nunueni kwa wakala anayejulikana, hakikisheni lakiri ya kizibo haijafunguliwa, na chukueni stakabadhi. Filta ya oili ibadilishwe pamoja na oili kila mara. Filta kuukuu iliyojaa uchafu hurudisha uchafu kwenye oili mpya.

Hesabu ya kamati

Tuchukue mfano. Gari linatembea kilomita 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka. Likimwagwa oili kila kilomita 5,000, ni mara 5 hivi kwa mwaka. Kwa lita 10 kila mara, ni lita 50. Gari hilohilo likila lita 12 za dizeli kwa kila kilomita 100, litatumia lita 2,880 za dizeli. Hata kama lita ya oili inauzwa mara nne ya bei ya dizeli, oili ya mwaka mzima ni sawa na lita 200 za dizeli. Kwa kila shilingi 100 ya dizeli, oili ni kama shilingi 7.

Kamati ikiamua kusogeza hadi kilomita 10,000 bila ushauri wa kitabu, itaokoa kwa mwaka nusu ya fedha hiyo, sawa na lita 100 za dizeli, yaani safari za kilomita 800 hivi. Hiyo ndiyo faida yote. Hasara inayowezekana ni injini nzima, pamoja na miezi ambayo gari litakaa juu ya mawe gereji, mahindi yakingoja na mgonjwa akibebwa kwa machela. Kila kamati ipime yenyewe.

Nani afanye nini?

Dereva apime oili kila asubuhi na kuandika kwenye daftari la gari kilomita, oili iliyoongezwa, na saa ambazo injini iliwaka gari likiwa limesimama. Siku oili inapobadilishwa, abandike karatasi ndani ya mlango yenye tarehe, kilomita za siku hiyo na kilomita za oili ijayo.

Mhasibu atenge fedha za oili kila mwezi, kidogo kidogo, zisichanganywe na fedha za dizeli. Oili ikingoja michango, itangoja siku zote. Alinganishe stakabadhi na daftari: lita zilizonunuliwa, kilomita zilizotembewa. Mwenyekiti au mjumbe mmoja wa kamati awepo oili inapomwagwa, aone dumu likifunguliwa na filta kuukuu ikitolewa. Hii si kwa sababu dereva ni mwizi. Ni kinga kwake, ili siku ya maswali awe na shahidi.

Oili chafu

Oili iliyomwagwa ni sumu. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, huonya kwamba galoni 1 ya oili chafu inaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji. Isimwagwe chini wala karibu na kisima, isipakwe kwenye vidonda vya mifugo, na isichomwe jikoni. Ikusanywe kwenye dumu lenye kifuniko, liandikwe, na kurudishwa kwa gereji au kampuni inayokusanya. Fundi anawe mikono kwa sabuni baada ya kazi, kwani oili iliyotumika ikikaa kwenye ngozi muda mrefu ina madhara.

Kwa wafadhili na kamati

Anayetoa gari bila kutaja oili ametoa nusu ya gari. Tunawaomba wafadhili, mnapopokea bajeti, mtafute mstari wa matengenezo, na kama haupo muulize. Na mkiona oili imenunuliwa mara tano kwa mwaka, ombeni nakala ya daftari la gari kabla ya kushuku. Kilomita na stakabadhi zikilingana, mjue gari lenu linatunzwa.

Nazo kamati zisingoje kuulizwa. Katika taarifa ijayo ya robo mwaka, ambatanisheni ukurasa mmoja: kilomita za mwanzo na za mwisho, tarehe za oili, lita, na jina la aliyeshuhudia. Na kabla ya kikao kijacho, mjumbe mmoja aende bandani na daftari, asome kilomita zilizopo leo, na kuandika kilomita za oili ijayo.